Jua la Kigoma halifuati saa ya mkononi: kusoma mwanga wa mji uliogeukia magharibi

Nilipohamia Kigoma kutoka Dar es Salaam, kitu cha kwanza nilichotaka kupiga ni mwalo wa Kibirizi jua likichomoza. Ilikuwa Februari. Nikapanda bodaboda, na saa 12 kamili asubuhi nilikuwa mchangani na kamera shingoni, kama nilivyozoea Kunduchi. Giza totoro. Dereva aliyenishusha akageuza pikipiki, akanimulika na taa, akauliza: "Kaka, unamsubiri nani usiku huu?"

Nilimsubiri jua. Saa 12:45 ndipo nilipoanza kuona sura za watu. Saa 1 na dakika zake kalenda ilisema limechomoza, mimi silioni. Lilikuwa bado nyuma ya vilima vilivyo mgongoni mwa mji. Hadi linanifikia pale chini ufukweni, boti zilizorudi na dagaa zilikuwa zimeshashushwa, wavuvi wamekwenda kunywa chai, na mwanga wenyewe umekuwa mweupe wa kawaida tu. Nilirudi nyumbani na picha nne za mitumbwi mitupu.

Tangu siku hiyo nimepiga picha nyingi mbovu hapa, na karibu zote zilikosewa kwa sababu moja: nilikuwa natumia ushauri wa mahali pengine. Mafunzo ya upigaji picha yanayosambaa yanakwambia toka alfajiri, toka jioni, mchana lala. Ni ushauri mzuri kwa waliko walioutunga. Hapa Kigoma ushauri huo una makosa matatu: saa si hiyo, muda si huo, na upande si huo.

Tuanze na saa. Tanzania nzima inatumia saa ya mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, mstari ambao hata haugusi nchi yetu. Unapita jirani na Mogadishu. Dar es Salaam iko kwenye nyuzi 39 na kidogo, Kigoma iko karibu nyuzi 29.6. Dunia hujizungusha nyuzi moja kila dakika 4. Piga hesabu: jua la Kigoma liko nyuma ya saa ya ukutani kwa takriban saa nzima, na nyuma ya jua la Dar kwa karibu dakika 40. Ng'ambo ya ziwa, Congo ya mashariki, na kaskazini yetu Burundi, saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa 1, na kwao saa 6 mchana jua liko utosini kweli. Sisi likiwa utosini ni saa 7. Kwa jua, Kigoma ni jirani wa Bujumbura. Kwa saa, ni mtumwa wa Dar.

Kwa hiyo jua huchomoza mapema kuliko wakati wowote mwanzoni mwa Novemba, kama saa 12:36 asubuhi, na huchelewa kuliko wakati wowote mwezi Julai, kama saa 1:12. Jioni, Novemba huzama kabla kidogo ya saa 1, na katikati ya Februari hulegea hadi saa 1:24 usiku. (Kwa nini Novemba na Februari, wala si Juni na Desemba? Njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili, na mhimili wake umeinama. Tuiache hapo.) Mgeni akikwambia mkutane saa 12 asubuhi kwa ajili ya picha, mwambie alale kidogo. Akikwambia saa 12 jioni ameshachelewa, mwambie bado hata jua halijaanza kulainika.

Kosa la pili ni muda. Mwanga wa dhahabu hutokana na safari ndefu ndani ya hewa. Mwanga wa jua una rangi zote, na hewa hutawanya bluu kuliko nyekundu. Ndiyo maana anga ni la bluu. Jua likiwa utosini, mwanga hupenya unene mmoja wa hewa. Likigusa upeo wa macho, unapita hewa nyingi karibu mara 38, na bluu yote inaishia njiani. Kinachotufikia ni manjano na wekundu, tena hafifu, ndiyo sababu vivuli vyake ni laini na macho hayakunjamani.

Watu wa nchi za kaskazini huuita wakati huo saa ya dhahabu. London mwezi Juni jua huteremka kwa mshazari kama mtu anayeshuka mlima kwa kuzungukazunguka. Nyuzi 6 za mwisho kabla ya kuzama huchukua karibu dakika 50. Kigoma iko chini ya nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua hapa hudondoka wima kama embe. Nyuzi hizohizo 6 huisha kwa dakika 25 hivi, mwaka mzima. Mtu aliyepanga "saa ya dhahabu" yake kwa kufuata video ya Mwingereza atajikuta ametumia nusu ya kwanza kwenye mwanga mkali, au nusu ya pili gizani.

Njia ya kupima bila programu yoyote: nyosha mkono, kunja kiganja kikutazame, vidole vilale kati ya jua na milima ya Congo. Kidole kimoja ni kama nyuzi 2, na kwa jua letu linaloshuka wima hiyo ni dakika 8. Vidole vinne ni nusu saa. Jua likibakiza vidole vitatu, acha soga.

Halafu kuna kosa la tatu, na hili ndilo zito.

Kiswahili kina neno moja, magharibi, kwa upande na kwa wakati: upande jua linakozama na saa ya kuzama kwake, ile ya adhana. Kigoma ni mji wa magharibi kwa maana zote mbili. Umekaa kwenye ukingo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, umeupa mgongo mlima na uso umeuelekeza majini. Karibu kila kinachopendeza hapa, bandari, Kibirizi, Katonga, fukwe ndogo za miamba kuzunguka Bangwe, kinatazama jua linapozama. Ndiyo maana kila mtu ana picha ileile: jua jekundu, mtumbwi mweusi, milima ya Congo, basi. Ni picha nzuri. Lakini si picha ya Kigoma. Ukiniambia ni Bujumbura, au Kalemie kule ukingo wa Congo, sitakubishia sana, na kwa Kalemie ningekukamata tu kwa kuwa huko jua huzama nchi kavu.

Jioni ile ile, mwanga ule unaoupiga picha machoni pake unatua mahali. Unatua kwenye mji. Kuta zinazotazama ziwa, mabati ya mtaa wa Mwanga huko juu, miembe, nyuso za watu waliokaa ufukweni wakitazama machweo: vyote vimepakwa dhahabu kwa dakika 25 na hakuna anayeviangalia kwa sababu wote wamegeukia upande mwingine. Geuka. Lipe jua mgongo. Ukipata mwenye mtumbwi wa kukusogeza majini mita 200 tu, utaupata mji mzima uso kwa uso, ukipanda kutoka majini hadi vilimani, umewaka.

Asubuhi mambo yanapinduka. Ufuko uko kwenye kivuli cha kilima, ila milima ya ng'ambo, kilomita kama 50 kuvuka maji, haina kinachoizuia. Jua linaigusa kwanza. Kwa muda mfupi unasimama kwenye kivuli cha bluu huku Congo nzima imegeuka waridi mbele yako, na mitumbwi inarudi katikati ya rangi hizo mbili. Hilo ndilo macheo ya Kigoma: hulitazami jua, unatazama linakopiga. Ningejua hivyo ile Februari nisingekaa nimekodolea macho upande wa kilima kama kuku anayesubiri kufunguliwa banda.

Kituo cha reli nacho ni cha asubuhi. Reli ya Kati ilifika hapa Februari 1914, na jengo la Wajerumani limebaki pale chini, uso wake ukitazama barabara inayopanda mjini, ziwa likiwa mgongoni. Ngoja jua lipande juu ya vilima, saa 2 kasoro hivi, ndipo matao yake yanapata kivuli cha kuyatenganisha. Jioni ukilipiga kutoka mbele unapata jengo jeusi na anga jeupe nyuma yake. Na omba ruhusa kwanza, hapo na bandarini. Miundombinu ya namna hiyo ina walinzi na walinzi wana kazi yao. Maelezo ya dakika mbili kabla ya kutoa kamera ni rahisi kuliko maelezo ya saa mbili baada ya hapo. Anayetamani MV Liemba, ile meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikaletwa vipandevipande hadi Kigoma, atumie njia hiyohiyo.

Sasa Kibirizi, maana ndipo nilipojifunza mengi.

Dagaa huanikwa juu ya changarawe au kwenye chanja za wavu. Ukiwapiga jua likiwa nyuma yako, unapata zulia la kijivu. Nilifanya hivyo wiki nzima. Siku moja nilimkuta mama mmoja anageuza wa kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unawapiga dagaa au unanipiga mimi?"

"Dagaa, mama."

"Basi njoo huku, huko umesimama vibaya. Mimi nikitaka kuona kama wamekauka siangalii toka huko."

Alikuwa amechuchumaa akilitazama jua, dagaa wako kati yake na mwanga. Nikachuchumaa pembeni yake. Zulia la kijivu likawa maelfu ya vioo vidogo, na katikati yake madoa mepesi yaliyofifia. Waliong'aa bado wabichi, waliofifia wamekauka. Sayansi yake ni kwamba ngozi ya samaki wa namna hii ina fuwele za guanini, chembe ndogo zinazong'aa, zilizopangwa kama vigae, nazo hudundisha mwanga kwa pembe moja kama kioo. Ukiwa upande wa jua, vioo vinautupa mwanga mbele, upande wa pili, si kwako. Ukiwa upande wa pili, jua likiwa chini, unapokea wewe. Mama yule hakuhitaji guanini. Aliijua pembe.

Kanuni hiyohiyo inatumika sokoni Mwanga kwenye chupa za mawese. Zipange jua likiwa nyuma yake na zinawaka kama taa. Jua likizipiga kwa mbele ni chupa za tope jekundu.

Nyuso zinahitaji uangalifu mwingine. Kamera yoyote, hata ya simu, hudhani dunia ina mwanga wa wastani, kijivu cha katikati, na hurekebisha kila picha ifanane na hapo. Ukimweka mtu mweusi mbele ya ziwa linalong'aa, kamera inaona maji mengi meupe, inaogopa, inapunguza mwanga wote, na mtu wako anabaki meno na shati. Simu za sasa hupiga picha kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha, husaidia, ingawa mara nyingi hukuletea ngozi ya kijivu kama imepakwa majivu. Mimi napenda kumgeuza mtu. Mweke pembeni ya mlango, chini ya kibaraza, uso ukitazama nje. Ukuta mweupe wa jirani au mchanga wenyewe humrudishia mwanga laini. Ikibidi awe mbele ya maji, gusa uso wake kwenye kioo cha simu kisha ongeza mwanga kidogo, na ukubali ziwa liungue, yaani lipotelee kwenye weupe mtupu. Kati ya ziwa na bibi yako, aungue nani?

Ujiji, kilomita chache kusini, ina jambo lake. Wageni huenda kuona mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, penye mnara na miembe miwili mikubwa. Siku ya jua kali, miembe hiyo ni adui. Majani yanachuja mwanga kuwa madoa, na kamera haiwezi kushika doa la jua na kivuli cha mwembe kwa pamoja. Kila mgeni anatoka pichani kama ana ugonjwa wa ngozi. Hapo nenda siku ya mawingu. Wingu ni shuka jeupe lililotandazwa angani, mwanga unakuja toka kila upande, magome ya mwembe yanaonekana mkunjo kwa mkunjo. Toka huko shuka hadi ufukweni wanakounda boti za mbao. Ujiji ni tambarare kuliko Kigoma mjini, kwa hiyo jua la asubuhi hufika mapema zaidi, na mbavu za boti ambayo haijapigiliwa mbao hutoa vivuli vyembamba mchangani hadi kama saa 3.

Nilisema ushauri wa "mchana lala" si wa hapa. Ni kweli kwamba jua la utosi linaharibu nyuso. Tarehe 8 Machi na 6 Oktoba hivi, jua hupita juu kabisa ya Kigoma, na karibu saa 7 mchana unakanyaga kivuli chako mwenyewe. Hata Juni, linapokuwa chini kuliko siku nyingine za mwaka, adhuhuri liko nyuzi 62 juu. Lakini maji yanataka hilohilo jua. Mwanga ukianguka wima, karibu asilimia 98 yake huzama ndani ya maji. Jua likiwa nyuzi 10 tu juu ya upeo, karibu theluthi moja hudunda juu ya maji na kukurudia kama mng'aro. Tanganyika ni ziwa angavu sana. Kati ya saa 6 na saa 8 mchana, simama juu ya mwamba kule Katonga, tazama chini: mawe, samaki, kivuli cha mtumbwi kikitembea chini ya mtumbwi wenyewe. Jioni mahali hapohapo ni bati. Kama una miwani ya jua inayokata mng'aro, iweke mbele ya lenzi ya simu na uizungushe polepole. Kuna mahali uso wa maji unafunguka ghafla kama pazia.

Majira nayo yana siasa zake. Kiangazi, Juni hadi Septemba, hakuna mvua na wageni ni wengi, na kwa bahati mbaya ndio wakati mbaya kwa picha za mbali. Mapori yanachomwa huku na ng'ambo, moshi unajaa bondeni mwa ziwa. Chembe za moshi ni kubwa kuliko za hewa, hutawanya rangi zote kwa pamoja, na matokeo yake ni anga jeupe kama maziwa. Agosti unaweza kukaa wiki usiione Congo hata mara moja. Jua linakuwa sahani nyekundu unayoweza kuitazama kwa macho, kisha linapotea angani kabla hata ya kufika mlimani. Wapo wanaolipenda hilo. Mimi hunichosha siku ya tatu. Mvua zikianza kama Oktoba au Novemba zinaosha hewa, na jioni ya baada ya mvua kubwa unahesabu makorongo ya milima ya ng'ambo. Nikialikwa kuchagua mwezi mmoja nitasema Novemba bila kufikiri, na koti la mvua.

Kuna jambo mgeni wa mara moja hawezi kulijua: jua halizami palepale. Juni huzama nyuzi 23 na nusu kaskazini mwa magharibi, Desemba kiasi hichohicho kusini. Ukinyosha mkono na kukunja ngumi, ni karibu ngumi tano toka mwisho huu hadi ule, yaani zaidi ya kilomita 40 za pwani ya Congo. Mwamba unaokaa vizuri chini ya jua Januari, Julai hauna jua kabisa.

Na likishazama, usiondoke. Ufuko mzima huondoka, wanapangusa mchanga, wanadai jua limekwisha. Kama kuna mawingu ya juu, rangi yake huja dakika 10 baadaye, jua likiyamulika kutoka chini ya upeo. Kisha unafuata ubluu mzito, dakika 20 na kidogo, na ndani yake taa za wavuvi wa dagaa zinaanza kuwaka ziwani, moja, tano, mstari mzima. Zamani karabai, sasa nyingi ni taa za betri na sola, nyeupe zaidi na baridi zaidi. Hapo anga na taa vina nguvu karibu sawa na kamera inavishika vyote viwili. Ukingoja dakika 15 zaidi unabaki na nukta nyeupe kwenye karatasi nyeusi. Simu iegemeze kwenye jiwe.

Ila angalia mwezi kabla hujapanga. Taa huvuta dagaa gizani tu. Mbalamwezi ikijaa ziwa lote lina taa na samaki hawana sababu ya kukusanyika, kwa hiyo siku hizo boti nyingi hupumzika. Pia ziwa likifungwa kwa uvuvi, kama ilivyokuwa mwaka 2024 kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, hakuna taa za kupiga. Nimemwona kijana amesafiri siku mbili kwa treni kufuata taa hizo, akafika mwezi ukiwa mpevu.

Nilimpeleka Katonga kesho yake kabla ya saa 1 asubuhi. Mwezi mpevu huzama wakati jua linachomoza, upande wa pili. Ulikuwa juu ya milima ya Congo kwa vidole viwili, wa manjano, milima chini yake ikianza kuwa waridi, na mtu mmoja tu majini anapiga kasia kurudi. Kijana alipiga picha moja, akatazama kioo, akapiga nyingine. Kisha akaniuliza kama bado kuna muda. Nikanyosha mkono.

"Dakika 10," nikamwambia. "Zikipungua sana, 8."